Jambo la Tano

Jumatano ile, saa sita na nusu, mama yenu aliniwekea sahani mezani kama alivyoniwekea kila Jumatano tangu tulipofungua hoteli: bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na mawese, na kiganja cha ndagala wadogo wa ziwani pembeni. Akanimiminia maji ya kunawa. Kisha, badala ya kurudi jikoni, akasimama, akainama, akamega kitonge kwenye ukingo wa bugali wangu, kidogo kama ncha ya kidole gumba, akakichovya katika sombe na kukila akiwa amesimama, macho yake yakiwa barabarani, si kwangu. Akajipangusa vidole kwenye kitenge chake na kwenda zake. Mimi nikala. Nilikula mpaka nikamaliza, nikanawa, na nilikuwa nakunja gazeti niliposikia kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni na kuzunguka sakafuni kwa muda mrefu, bila mtu wa kukiokota.

Sikilizeni, wanangu. Eugène, weka kalamu chini. Nimekuwa karani miaka thelathini na minne, nimeandika maneno ya watu wengi, na ninajua karatasi inavyoweza kutumiwa. Haya nitakayosema nataka yakae masikioni mwenu. Geneviève, keti hapa karibu na kichwa changu, na wewe Basile fungua dirisha, hewa ya ziwa iingie. Kifua changu hakitaniruhusu kurudia jambo mara mbili.

Muuguzi wa dispensari alisema kilichomwangusha mama yenu ni moyo, nami sibishani naye. Aliyekufa amekufa, na maji yakimwagika hayazoleki. Nisichokielewa ni lile tonge. Nimelala hapa wiki tisa nikilifikiria, mimi niliyesoma filozofia na theolojia miaka saba kule Baudouinville, kusini mwa ziwa hili, ambako mapadri walitufundisha kugawa swali gumu katika vipande mpaka kila kipande kiwe chepesi. Hili nimeligawa, na kila kipande kimezidi kuwa kizito. Kwa hiyo ninawaachia ninyi pamoja na mali yangu nyingine, na ili mlipokee vizuri lazima niwaeleze lilikotoka.

Mnajua kwamba katika milima hii na katika bonde lote la Ruzizi hakuna anayempa mwenzake pombe bila kuivuta kwanza yeye mwenyewe kwa mrija, mbele ya macho ya mgeni. Si dharau wala si uchawi, ni adabu. Maana yake ni kwamba kilichomo humu, kama kina baya, limeanza na mimi. Lakini hiyo ni desturi ya pombe. Kuipeleka kwenye sahani ya bugali, na kuifanya kwa kila mteja, kila siku, lilikuwa jambo la mama yenu peke yake.

Lilianza siku ya kwanza ya hoteli, mwaka wa hamsini na moja. Tulikuwa na meza mbili ndefu zenye vitambaa vya mpira vya maua mekundu, na mabenchi manne ya fundi wa Rugenge ambayo hayakukaa sawa hata siku moja. Wakaingia madereva wawili wa malori ya pamba, watu wa mbali, wasiotujua ukoo wala kabila. Mama yenu Domitille akawawekea chakula. Wakanawa mikono, wakakaa wakikitazama. Mvuke ulipanda na kupungua, nao wamekaa tu. Mimi pale kwenye meza ya pembeni nilidhani wanasali. Yeye alielewa. Alitoka jikoni, akamega tonge katika sahani ya mmoja, akachovya, akala, akafanya vivyo hivyo kwa wa pili, na kabla hajamaliza kutafuna wale watu walikuwa wamekwisha kuanza kula kama watu waliofunguliwa kamba.

Tangu siku hiyo aliwaonjea wote: mapakasini wanaobeba mizigo bandari ya Kalundu, wauza samaki, walimu, wakulima wanaoshuka sokoni. Jumatatu maharagwe na ndizi, Jumanne mbuzi kwa ajili ya soko, Jumatano sombe, Alhamisi mboga ya lenga-lenga na nyama iliyobaki kama ilibaki, Ijumaa samaki wa mukeke kwa sababu sisi ni Wakristo. Watu hawakuuliza kuna nini. Waliuliza ni siku gani. Siku moja nilihesabu bila yeye kujua, nikapata matonge thelathini na saba. Ndiyo sababu hakuketi kula nasi mchana, nanyi mlidhani hapendi kula.

Na walimtania sana. Palikuwa na mtu wa Runingu, Nduwimana Libérat, mkulima wa muhogo, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyetuletea unga kila Jumanne kwa baiskeli na kula hapo hapo kabla ya kurudi kwake. Huyo hakuweza kupokea sahani bila neno. Alisema, «Mama Eugène, weye iko naonja ao iko nakula?» Naye mama yenu, bila kucheka, alijibu, «Minye naonja mpaka nishibe. Weye ngojea sahani ya kesho.» Na benchi zima likacheka, ingawa walikuwa wameyasikia maneno hayo juma lililopita, na juma lile jingine, na wangekuja kuyasikia tena kama watu wanaokuja kusikia kengele.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana juu yake mengine yote yamejengwa. Mimi mume wake hakunionjea. Wala ninyi watoto. Huonjewa yule mwenye haki ya kukuogopa. Miaka minane ya hoteli, mpaka Jumatano ile, sikuonjewa hata mara moja, na niliona ni heshima, na ilikuwa heshima.

Sasa nafika kwenye kosa.

Mwezi wa pili wa mwaka wa hamsini na saba alipita hapa Abbé Thaddée, niliyesoma naye Baudouinville. Mimi niliacha seminari mwaka wangu wa saba, yeye alifika altareni. Hakuna ubaya baina yetu, lakini mtu aliyeacha njia humtazama aliyefika kwa jicho ambalo halipumziki. Nilimkaribisha mezani kwangu. Domitille akaja, akamega tonge katika sahani ya padri, akala. Thaddée akatabasamu. Akaniambia kwa Kifaransa, kwa upole, kwamba mama yake naye alikuwa hivyo, na kwamba sala itawatoa polepole wanawake wetu katika hofu hizi. Alisema kama daktari anayezungumza na daktari mwenzake juu ya mgonjwa. Nami nikatabasamu pia. Nilimuuza mke wangu kwa tabasamu moja, kisha nikaendelea kula.

Majuma matatu baadaye ikaja barua kutoka ofisi ya usafi. Walikuwa wamekagua nyumba zote za chakula za barabara ile. Mama yenu alinipa barua niisome, kwa sababu hakujua Kifaransa. Alijua kusoma namba, na jina lake, na majina yenu, basi. Ilikuwa na mambo manne, yameandikwa namba mbele. La kwanza, kuta zipakwe chokaa. La pili, mtungi wa maji ufunikwe. La tatu, choo kiwe hatua ishirini kutoka jikoni. La nne, mpishi aende dispensari apimwe kifua. Mambo manne, Geneviève. Mimi nilisoma matano.

Nilisema, na la tano, ni marufuku mkono wa mpishi kuingia katika sahani ya mteja. Nilisema bila kuinua macho, kwa sauti ile ile ya karani niliyosomea ya kwanza na ya pili. Sikupanga. Naapa kwenu kwamba nilipofungua karatasi ile sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka yakiwa yamevaa nguo, kama yalikuwa yamengoja mlangoni tangu siku ya Thaddée.

Akaniuliza, «Ni Bwana wa usafi ndiye anasema vile?»

Nikasema ndiye.

Akauliza tena, «Nani alimwambia minye naonja? Ile siku alifika asubuhi, watu hawajakuja.»

Nikamwambia watu wa ofisi wanajua mengi. Akasema, «Haya.» Akaichukua barua, akaikunja, na kesho yake, Jumanne, hakuonja.

Mngeiona hoteli siku ile. Watu walinawa, wakangoja, wakamwangalia akirudi jikoni. Akawaeleza kwamba ni sheria mpya. Wengine walikula, kwa kuwa miaka sita si siku moja. Wengine walisema hawana njaa sana. Libérat alikuja na unga wake. Nilimwona akipumzika mara tatu kati ya baiskeli na mlango, mkono kifuani, na hilo ningelisema baadaye kama kinywa changu kingekuwa huru. Akamwambia mama yenu, «Leo nitakula peke yangu kama yatima.» Akala yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akaenda. Ijumaa tukasikia amekufa Runingu, amelala chini kando ya mihogo yake.

Juma lililofuata akaja mdogo wake, Sévère, ambaye mnamjua. Hakuja na watu wala na fimbo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alimwambia mama yenu, «Minye nakuuliza kitu kimoja tu, Mama. Miaka sita ulimuonjea mukubwa yangu. Ile Jumanne hukumuonjea. Juu ya nini?»

Akajibu kwamba ni sheria ya usafi, imekuja kwa barua.

«Imefika juma ile ile?»

«Juma ile ile.»

Basi Sévère akanigeukia mimi pale kwenye meza ya pembeni. Wanangu, yule mtu hakuwa adui yetu. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Aliniuliza kwa heshima, «Karani, iko mu barua?»

Nikajibu, «Iko.»

Neno moja. Nimelihukumu kwa sheria zote nilizofundishwa na sijaona mahali pa kulificha. Sévère akavaa kofia, akaenda moja kwa moja ofisini kuuliza, na ofisi ikamwambia ukweli, kwamba hawakuandika kitu kama hicho na hata hawajui kuonja ni nini. Kabla ya Jumapili mji wote ulikuwa na habari. Walisema Domitille alitunga sheria ili mkono wake usiguse sahani ya mtu aliyekusudia kumuua, na kwamba karani anamfunika mke wake. Kumbe, kama ni kufunikana, sijui hata leo ni nani aliyekuwa chini ya blanketi la nani.

Kwa sababu jioni ile, habari ilipotufikia kwamba ofisi imekana, mama yenu alikuwa anapepeta unga. Hakusimama. Alisema, «Wazungu huandika leo, kesho wanakana,» na akaendelea kupepeta. Mimi nilishukuru. Nilidhani ameniamini. Au alijua, akaamua kuliweka neno lile mbele yangu kama sahani, anione kama nitalila. Nililila. Sijui. Siri ya mtungi muulize kata, na kata nimeizika.

Mtasema, kwa nini hakurudi kuonja? Nilimshauri hivyo mimi mwenyewe baada ya mwezi, nikijifanya nimesikia kwamba sheria imelegezwa. Akasema, «Nikionja leo watasema, kumbe leo hakuna kitu ndani. Na ile siku?» Hakuwa amesoma filozofia, lakini ile ilikuwa hoja kamili. Hivyo hakuonja tena. Miaka miwili na nusu alifungua mlango kila asubuhi, akapika kama anapikia watu arobaini, akalisha wanane, tisa, wasafiri wasiojua habari, na kilichobaki akawapelekea wagonjwa wa dispensari, ambao nao sijui walikila ama walikimwaga. Hakulalamika. Alizidi kuwa mwembamba, nasi tulisema ni umri. Sikufikiria kwamba mtu aliyezoea kula matonge thelathini na saba ya watu wengine hawezi kujua tena namna ya kula peke yake.

Basile, nipe maji. Kidogo tu.

Baada ya matanga nilifungua sanduku lake. Mlidhani natafuta nguo za kuwagawia shangazi zenu. Ndani ya karatasi yake ya ubatizo nilikuta barua ile, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo imepasuka. Na chini ya jambo la nne, pale penye nafasi nyeupe kabla ya sahihi, mahali ambapo la tano lingekuwa kama lingekuwapo, pana alama ya kidole, nyekundu, ya mawese.

Nimesema kwamba alijua namba. Moja, mbili, tatu, nne. Labda alihesabu siku ile ile. Labda miaka miwili baadaye. Au labda ilikuwa karatasi tu katika mikono ya mpishi, na kidole huangukia popote. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Na kuna njia nyingine, Geneviève, nayo ni wewe, uliyesoma Kifaransa kwa masista na ulikuwa unalala chumba kimoja naye wakati mimi nilipotumwa ofisi ya Bukavu mwezi mzima. Labda alikupa uisome. Labda ulimsomea manne, akakwambia soma tena, ukasoma manne. Usinijibu. Nasema usinijibu, mwanangu; kama hukusoma, nitakufa nikiwa na swali, na kama ulisoma, nitakufa nikiwa na jibu, na katika hali niliyo nayo sijui kipi kizito zaidi. Jibu lako ni mali yako. Sikulirithi, siwezi kuligawa.

Sasa mali inayogawika. Sidaiwi franga hata moja na mtu yeyote, ninadaiwa neno. Eugène, nyumba hii ya Kilibula ni yako, pamoja na kiwanja cha nyuma, ila mdogo wako Basile akae humo mpaka amalize shule ya ualimu na aoe. Basile, vitabu vyangu ni vyako, hata vya Kilatini ambavyo hutavisoma; usiviuze kwa wafunga karanga. Baiskeli ni ya nyinyi wawili, na mkigombana itolewe parokiani. Hoteli, pamoja na meza, mabenchi, sufuria zote, mtungi na kinu, ni ya Geneviève. Najua wajomba zenu na ndugu zangu watasema mtoto wa kike harithi kiwanja. Eugène, wewe ndiye mkubwa. Wakisema hivyo uwajibu kwamba mzee alisema akili zake zikiwa timamu, na kwamba atakayemtoa Geneviève pale amenitoa mimi kaburini. Usilijibu kwa ukali. Lijibu mara moja, unyamaze.

Geneviève, kama utafungua tena au utauza, hilo lako. Nilitaka kukuamuru uonje. Kisha nikataka kukukataza. Nimewahi kuamuru mara moja jikoni mwa mwanamke, na yatosha. Nilidhani kuonja ni hofu, na kwamba hofu ikitolewa watu watakuwa huru. Kumbe alikuwa anaibeba hofu yao yeye, tonge kwa tonge, na nilipomzuia ilirudi kwa wenyewe, wakaenda nayo nyumbani. Hivyo ndivyo ninavyofikiri asubuhi. Jioni nafikiri kwamba Thaddée alisema kweli na kwamba mimi nilisema uongo, na mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Amueni ninyi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho na miwani juu yake.

Amri niliyo nayo ni moja. Nikishazikwa, kabla ya siku arobaini, mwende Runingu ninyi watatu, kwa miguu kutoka barabara kuu, msiingie na baiskeli katika uwanja wa watu wenye kidonda. Mchukue barua ile. Mwiteni Sévère na mjane wa marehemu, na mtu wao yeyote anayejua Kifaransa, aisome kwa sauti, moja mpaka nne. Kisha Eugène aseme: la tano lilisemwa na baba yetu. Mama yetu hakuwa na kitu mkononi. Aliacha kuonja kwa sababu alimtii mume wake, na mume wake aliona haya mbele ya rafiki. Semeni hivyo, msiongeze neno. Msiseme nilikuwa mgonjwa. Msiseme nilijuta. Wakiwafukuza, ondokeni kwa adabu na mrudi siku nyingine. Wakiwapa pombe, ngojeni wavute kwanza, kisha mnywe yote. Jina la mama yenu liko Runingu. Lirudisheni, mlilaze karibu naye.

Mungu awape... ngojeni. Mungu awape mikono inayotangulia kwenye sahani na isiyotangulia kwenye hukumu. Awape wageni wengi. Awape mezani mtu mmoja, mmoja tu, wa kuwaamini bila kuonjewa, na msimfanyie kama nilivyomfanyia wangu. Nawabariki. Eugène. Geneviève. Basile. Inameni kidogo, mkono wangu haufiki.

Bado lile tonge. Mume hachukuliwi kama mgeni. Kwa hiyo siku ile ama alikuwa ameniweka na wageni, wenye haki ya kumwogopa. Ama alikuwa ananiambia, tazama, kilichomo humu kimeanza na mimi. Ama alisahau. Mtu aliyefanya jambo maelfu ya mara, mkono wake unaweza kusahau kwamba umekatazwa. Hayo matatu. Sina la nne.

Asubuhi ya kesho yake mlikuwepo. Mliniona, mkadhani nimerukwa na akili, nataka mjue haikuwa hivyo. Wanawake wa Kilibula walikuwa wamepika katika sufuria zake, kwa kuwa watu wa matanga lazima wale. Waliweka sahani juu ya meza zile mbili, na nyingine nje juu ya mabenchi. Watu walikuwa wengi. Hata makarani wenzangu walikuja na tai zao. Na Sévère. Alifika na baiskeli ya kaka yake, na gunia la unga nyuma, akalishusha mlangoni pale pale lilipokuwa linashushwa. Sikujua kama ni rambirambi au ni swali.

Wote wakanawa. Wakakaa. Hakuna aliyemega. Mvuke ukapanda. Mama yenu alikuwa chumba cha pili, amelazwa, na watu walikaa mbele ya chakula cha nyumba yake kama wale madereva wawili.

Nikaondoka pale pembeni. Eugène, ulinishika mkono wa koti, ukasema, baba, keti. Nikaanza na meza ya karibu na mlango. Nikamega, nikachovya, nikala. Sahani ya pili. Nikamega, nikachovya. Sikuweza kuonja ladha yoyote. Mkuu wangu wa ofisi aliinamisha kichwa. Ya tano, ya sita.

Nikafika kwa Sévère. Alinitazama. Alisema polepole, «Karani. Weye?»

Ilikuwa hapo. Neno lote lilikuwa hapo, mdomoni, pamoja na tonge. Na nilikuwa natafuna, na... sikulisema. Ndiyo sababu mtakwenda ninyi.

Nilikula tonge lake. Nikapita. Nyuma yangu nikasikia maji yakimiminwa katika beseni, mtu ananawa mikono upya, ama aanze kula ama aondoke. Ninyi mlimwona ni nani. Mimi sikugeuka. Sahani zilikuwa bado nyingi, nikaenda kwenye ile iliyofuata.